Nyuso za Kaisari Hazifanani

JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI

Noti aligonga meza kwa ufunguo wa gari, na chumba kikatulia.

Walikuwa wanne, wamebanana katika chumba cha nyuma cha karakana ya dhahabu. Dirisha limefungwa. Feni inazunguka kivivu. Noti mwenyewe, suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, mtu aliyetajirika kwa noti bandia, akafungwa kwa hizo hizo, akatoka na kutajirika tena. Funguo, fundi wa kufuli, shingo nene, maneno ya kuhesabika. Klachi, dereva, mtu mzima anayekaribia miaka thelathini lakini hawezi kukaa bila kutikisa goti. Na mwenye karakana, mwanamke wa makamo, lenzi ikining'inia kifuani kwa kamba. Mtaa mzima ulimwita Sonara, kama ulivyomwita baba yake kabla yake.

"Mara ya mwisho," Noti alisema. "Nyumba ya mnada inafunga saa saba. Makarani wanakwenda zao. Wanabaki mlinzi mmoja na mama wa ghala. Sanduku la marehemu liko rafu ya chini, mbao nyekundu. Mtaalamu wao anakuja Jumatatu kuchambua. Sisi tunamtangulia. Maswali?"

"Tutazijuaje za kweli?" Funguo aliuliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo.

Swali lilikuwa zuri. Marehemu alikuwa tajiri mwenye wazimu mmoja tu: sarafu za dhahabu za Makaisari wa Roma. Aliogopa wezi, na wanawe aliwaogopa zaidi. Basi akatengenezesha nakala, akazichanganya na zile za kale, akafa bila kumwambia mtu ipi ni ipi. Na mnunuzi wa Noti, bwana mmoja aliyekuwa akisubiri hotelini ng'ambo ya daraja, alitaka za kale tu. Ikiingia bandia hata moja, alikuwa amesema, hatarudisha mzigo, atamrudisha aliyeuleta kwa Muumba wake.

"Ndiyo maana tuko na huyu," Noti alisema, akamnyooshea kidole Sonara.

Sonara alifungua droo, akatoa sarafu moja. Ilikuwa nakala ya baba yake, ya kufundishia. Noti aliinyakua, akabandika dole gumba usoni pa Kaisari.

"Shika ukingoni," Sonara alisema.

"Nini?"

"Ukingoni. Kwa vidole viwili. Uso haushikwi, unafutika."

Klachi alicheka. Noti hakucheka. Alibadilisha vidole polepole, kama mtu aliyeambiwa avue kofia.

"Hiyo ni bandia," Sonara akaendelea. "Angalia ilivyo duara, ilivyotulia. Za kale hazifanani. Mtu aliweka kipande cha dhahabu juu ya muhuri, akaweka muhuri mwingine juu yake, akapiga nyundo. Akapiga tena, na tena, kutwa nzima. Mara mkono umechoka, mara muhuri umeanza kupasuka. Kaisari mmoja katoka pua iko ukingoni, mwingine taji limekatwa, mwingine dhahabu imechanika pembeni. Nakala za marehemu zilimiminwa kwenye kalibu. Kalibu haichoki. Mkwaruzo uliokuwa kwenye sarafu ya kwanza unarudi kwenye zote, palepale. Ukiona Makaisari wawili wana kovu moja shavuni, hao ni mapacha wa kalibu."

"Mimi nimeishi na noti," Noti alisema. "Halali hufanana mpaka unywele. Ukiona iliyokaa upande, hiyo imetoka kwetu."

"Noti hutoka mashineni. Hizi zilitoka mkononi."

"Na nikizipima kwa tindikali?"

"Haikusaidii. Marehemu hakuwa bahili. Nakala zake alizimimina kwa dhahabu safi kabisa. Dhahabu ni ya kweli, Noti. Uongo ni umri wake."

Noti aliirudisha sarafu mezani. "Na siri yote hii unatupa bure?"

"Umeuliza, nimekujibu."

Sonara aliona jicho lake likifinyika, akajua maana yake. Mtu wa aina ya Noti akipewa kitu bure hutafuta ndoana iliyomo ndani. Hakujali. Hakuwa hapo kumfurahisha. Alikuwa hapo kwa sababu ya huyo anayetikisa goti, mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alipofariki, yeye alibaki na karakana, na Noti akamchukua kijana. Akamnunulia viatu, akamfundisha gari, akamfundisha na mengine. Klachi alimwita "Mzee" kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia ikitumika kwa mtu mwingine. Iliuma, na Sonara hakuwahi kujidanganya kwamba haiumi.

"Rudia ahadi yako," alimwambia Noti. "Mbele yao."

Noti aliweka mkono kifuani. "Kazi hii moja. Halafu mdogo wako yuko huru. Haitwi, hatafutwi."

"Dada, mimi si mtoto," Klachi alinung'unika.

"Ndiyo maana nataka uwe huru ukiwa na meno yako yote."

SAA SABA NA NUSU MCHANA

Gari lilikuwa jeupe, ubavuni limeandikwa kampuni ya kuua mende ambayo haikuwahi kuua hata mmoja. Walivaa ovaroli na barakoa, mabomba ya dawa mgongoni. Noti alikuwa amepiga simu asubuhi kwa sauti ya kiofisi, na mlinzi aliwafungulia geti bila kusumbua.

Klachi alibaki kwenye usukani, nyuma ya jengo, karibu na jukwaa la kupakulia mizigo. Wengine watatu wakaingia.

Ghala lilikuwa refu na la baridi. Vinyago vimefungwa kwa magunia. Saa za ukutani zimesimama, kila moja na wakati wake. Mama wa ghala, miwani juu ya paji la uso, aliwaonyesha rafu na kuwaomba wasilowanishe mazulia. Kisha akarudi kwenye kijiofisi chake kumalizia chai.

Funguo alipiga goti mbele ya rafu ya chini. Kufuli la sanduku lilimkataa mara moja tu. Mara ya pili likakubali.

Sonara aliinua kifuniko, na kwa pumzi moja akasahau alikuwa na nani. Makaisari walilala kwenye vitanda vya mahameli, safu juu ya safu. Shingo nene, pua ndefu, mataji ya majani. Aliokota mmoja ukingoni, akamweka chini ya lenzi. Taji lilikuwa limekatika pembeni, na ndani ya herufi kulikuwa na udongo mwekundu, mkavu, ulioingia humo kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. Mtu mmoja alipiga nyundo siku moja, na dhahabu bado inakumbuka.

"Ndilo?" Noti alinong'ona.

"Ndilo. Beba."

Hapo ndipo mlinzi aliposimama mlangoni, anakunja pua.

"Samahani, jamani. Mbona dawa yenu hainuki?"

Funguo alijibu kwa bomba. Lilimpiga mlinzi juu ya sikio, naye akaanguka chali, kofia ikabingirika chini ya zulia.

"Ulisema hakuna damu!" Sonara alimfokea Noti.

"Tembea."

Hakutembea. Alipiga magoti, akamgeuza yule mtu ubavu asije akasongwa na ulimi wake, akasikiliza pumzi. Zilikuwepo, nzito lakini zilikuwepo. Kule kwenye kijiofisi kikombe kilipasuka, na mama wa ghala akapiga ukelele, na baada ya ukelele king'ora.

Walitoka mbio. Noti aliruka jukwaani na sanduku, Funguo akafuata. Sonara aliruka wa mwisho, vibaya, na kifundo cha mguu kikalia kama kijiti kikavu. Alianguka kwenye saruji. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

"Ondoka!" aliisikia sauti ya Noti ndani ya gari. "Ondoka, nasema!"

Gari liliruka mbele. Kisha likasimama. Klachi akaingiza gia ya nyuma, akarudi kwa fujo mpaka bampa ikagusa jukwaa, akamvuta dada yake ndani kwa kola ya ovaroli. Njia nzima Noti alikuwa akimtazama dereva wake kwenye kioo.

SAA NANE NA NUSU

Karakanani, mguu wa Sonara ulikuwa umevimba kama andazi. Hakuwa na muda nao. Alikaa kwenye kiti chake, akawasha taa ya meza, akaanza kuchambua.

Alikuwa na makopo mawili ya bati. La kulia kwa za kale, la kushoto kwa nakala. Aliinua kila sarafu ukingoni, akaitazama usoni, akaigeuza, akaipima kwa jicho pembeni. Huyu Kaisari kichwa kimeponyoka katikati, kidevu hakipo: kulia. Huyu ana ufa unaotoka ukingoni mpaka sikioni: kulia. Huyu ni duara, ametakata, ana kovu dogo chini ya jicho: kushoto. Huyu naye ana kovu lile lile, chini ya jicho lile lile: kushoto. Alifanya kazi kwa raha, Mungu amsamehe. Ilikuwa raha ya mikono inayojua inachofanya.

Noti alisimama nyuma yake. Aliona vilema wakiingia kulia na warembo wakiingia kushoto, na shingo yake ilizidi kukakamaa.

"Nipe mmoja wa kushoto," alisema hatimaye.

Alimpa. Noti alitoa mfukoni kichupa cha tindikali, akadondosha tone. Dhahabu haikushtuka. Akachukua wa pili, wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyebadilika rangi.

"Dhahabu," alisema.

"Nilikwambia ni dhahabu."

"Dhahabu safi, nzuri, haina doa. Na wewe unaitupa kopo la takataka." Aliinua sarafu yenye ufa. "Hii iliyopasuka, hii isiyo na kidevu, ndiyo nimpelekee mnunuzi? Unanionaje, Sonara? Unafikiri mimi zuzu?"

"Nafikiri una macho na huyatumii."

"Nani atamwaga dhahabu safi kutengeneza bandia?"

"Mtu tajiri mwenye hofu. Tazama hizo ulizoshika. Zote tatu zina kovu chini ya jicho. Tazama!"

Hakutazama. Sonara aliona kabisa kwamba hakutazama, na hapo akaelewa kuwa angeweza kumweleza mpaka kesho. Noti alikuwa ameshajijibu. Maisha yake yote alikuwa amemdanganya kila aliyekaa naye meza moja, na hakuweza kufikiria meza ambayo mtu anasema kweli.

"Ulitaka nikishaondoka uwe na kopo lako la kushoto," Noti alisema kwa upole. "Ujanja mzuri. Ungempata mwingine."

Aliligeuza kopo la kushoto ndani ya mfuko wa ngozi, akaukaza. Kisha akatoa bastola, bila haraka.

"Za kulia zitabaki na wewe. Polisi watataka kukuta kitu, na watataka kumkuta mtu. Nikivuka daraja nawapigia simu. Sonara aliyeumia mguu, na sanduku la wizi mezani. Watafurahi, watafunga jalada."

"Mzee," Klachi alisema. Goti lake lilikuwa limeacha kutikisika. "Mzee, ulimwahidi."

"Nilikuahidi wewe uhuru. Njoo uuchukue. Washa gari, twende."

Klachi alimgeukia dada yake. "Dada," alisema taratibu, "kweli hukutaka kutuzunguka?"

Mguu haukuuma tena. Swali hilo ndilo lililouma.

"Nimekudanganya lini, mdogo wangu? Taja siku moja."

Klachi alifikiri. Alifikiri kweli, paji la uso limekunjamana, kama alivyokuwa akifikiri hesabu mezani hapo hapo akiwa mdogo. Feni ikazunguka. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaenda kwenye sinki, akautumbukiza kwenye tundu la maji.

"Endesha mwenyewe, Mzee," alisema.

Uso wa Noti ulibadilika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. Halafu akacheka kwa dharau. "Gari unalizuia kwa ufunguo, na nina huyu?" Akampiga Funguo begani. "Toka. Ataliwasha kwa waya."

Noti alifunga mlango wa mbele na kutia ufunguo wake mfukoni, kisha wakatoka kwa mlango wa nyuma. Funguo ndiye aliyebaki kufunga. Alisimama kizingitini na kufuli mkononi. Aliziangalia bawaba za mlango, zote mbili, zilizokuwa upande wa ndani, pini zake zimetokeza. Akaiangalia nyundo iliyokuwa mezani. Akamwangalia Sonara. Noti hakumwambia. Mlango ukafungwa, kufuli likalia nje, kwa ustadi wote wa fundi, upande usio na faida.

SAA TISA

"Nyundo," Sonara alisema. "Na hicho chuma chembamba. Piga pini kutoka chini."

Klachi alipiga. Ya kwanza ilitoka kwa mapigo mawili. Ya pili ilikuwa na kutu na ilimchubua vidole. Mlango ukalegea, ukaangukia ndani, na mwanga wa mchana ukaingia na harufu ya vumbi la kichochoroni.

Aligeuka, akachuchumaa mbele ya dada yake. "Panda mgongoni."

"Acha upuuzi."

"Panda, nasema!"

"Utafika nami wapi? Kona ya pili? Mwanamke mwenye ovaroli ya kuua mende, mguu kama kibuyu, mgongoni kwa mtu aliyelowa jasho? Sikiliza. Wakikuta sarafu na mtu mmoja, wataridhika. Hata Noti anajua hilo, na kwa hilo peke yake hakukosea. Wakikuta chumba kitupu, watakutafuta mpaka uote mvi."

"Siwezi kukuacha."

"Asubuhi uliniambia wewe si mtoto."

Alikuwa analia sasa, bila kuficha. Sonara alimshika kidevu. Alitaka kumwambia mambo mengi, na muda haukuwepo, basi akamwambia moja.

"Ulirudisha gari nyuma. Yule alisema ondoka, ukarudisha gari nyuma. Nisingalikuwa na haja ya ahadi yake yoyote, kama ningalijua hilo. Sasa fungua mkono."

"Upi?"

"Huo ulioukunja."

Klachi aliufungua. Kaisari asiye na kidevu alikuwa amelala kiganjani, amelowa jasho.

"Dada, mmoja tu. Wa kuanzia maisha."

"Huyo mmoja ndiye atakayewaleta mlangoni kwako. Weka."

Alimweka mezani. Alimbusu dada yake kichwani, haraka, akavua ovaroli, akapita juu ya mlango.

"Usikimbie," Sonara alimwambia. "Tembea kama mtu aliyetumwa mkate."

Alimsikiliza mpaka nyayo zikaisha. Kisha akavuta pumzi, akalimimina kopo la kulia mezani na kuanza kuwapanga Makaisari wake kwa zamu zao za kutawala, nyuso juu. Kama wanakuja, wakute kazi ya fundi.

SAA TISA NA NUSU

Simu ya mezani ililia. Ile ya zamani, ya wateja.

"Sonara!" Ilikuwa sauti ya Noti, lakini ilikuwa imepungua, imebaki nusu. "Sonara, waambie. Waambie ulizibadilisha. Waambie mimi sikujua."

"Sikubadilisha kitu."

"Mnunuzi anazo kwenye meza. Amezipanga. Zote... zote zina kovu..."

"Chini ya jicho. Najua."

"Ningejuaje? Ningejuaje mimi!"

"Nilikwambia asubuhi, Noti. Mbele ya watu. Nikakwambia tena mchana. Ungenisikiliza ungekuwa tajiri jioni hii."

Kulikuwa na vurugu, kiti kikaburutwa. Sauti nyingine ikaja, tulivu, yenye adabu.

"Naongea na nani?"

"Sonara."

"Huyu bwana anasema wewe ndiye uliyemdanganya."

Sonara alitazama sarafu mbele yake. Neno moja la uongo lingemwokoa Noti. Huenda. Kwa nyuma alimsikia akipumua, mtu aliyemnunulia mdogo wake viatu vya kwanza, mtu aliyemwacha mdogo huyo huyo ndani ya chumba kilichofungwa. Alitafuta huruma moyoni, akaipata kidogo, na haikutosha.

"Sijawahi kumdanganya," alisema. "Hiyo ndiyo shida iliyompata."

"Na za kale ziko wapi?"

"Mezani kwangu. Karibu uje uzichukue. Lakini uwahi, nasikia ving'ora mtaa wa pili."

Kisha yule bwana akacheka kidogo, kwa heshima kabisa, na simu ikakatika.

Polisi waliingia kwa milango yote miwili. Wa mbele walilazimika kuuvunja. Wa nyuma waliukanyaga. Inspekta alikuwa mtu mnene, bastola mbele, akahema alipoona mwanamke mmoja na meza ya dhahabu.

"Mikono!"

"Iko mezani. Unaiona."

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Mlango huo umevunjwa na nani?"

"Na mimi. Ni mlango wangu."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa nyundo." Alimtazama usoni. "Yule mlinzi, amezinduka?"

Inspekta alishusha bastola. "Amezinduka. Anaulizia kofia yake."

Sonara alishusha mabega. Kumbe alikuwa ameyainua tangu saa saba na nusu. Walimfunga pingu, na hakusumbua. Alikuwa akihesabu kimya kimya vichochoro vya Klachi baina ya karakana na stendi ya mabasi, na kwa hesabu yake vilikuwa vimekwisha.

Inspekta aliinama juu ya meza, macho yakang'aa. Akanyoosha mkono, dole gumba mbele, kumwendea Kaisari asiye na kidevu.

"Afande," Sonara alisema, na pingu zikalia alipoinua kidole. "Shika ukingoni."